Chombo Hiki Hakina Mwenyewe

Watu wakisikia kwamba kifungua mimba wangu alizaliwa chomboni, hudhani nilikuwa safarini kwenda Unguja. Huniuliza kama bahari ilichafuka. Huwajibu kwamba bahari ilikuwa imetulia kabisa, maana ilikuwa mbali mno hata harufu yake haikutufikia, na chombo chenyewe kilikuwa Kihesa, Iringa, kimelala kifudifudi uani kwetu juu ya matofali ya jiko langu. Hapo husogeza kigoda wakitaka habari yote, na mimi sijawahi kumnyima mtu habari.

Nianze na matofali, maana ndiyo yaliyoniuma kwanza. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mimi nilikuwa mke mchanga wa karani wa bomani. Mume wangu alikuwa mtu wa Pangani. Alikuja bara na masanduku mawili, moja la nguo na moja la Kiswahili, na la pili ndilo lililokuwa zito. Mimi mtu wa Kilolo, Kiswahili nilikipata darasani na sokoni, nacho kilinitosha kununua chumvi na kugombana. Kwake hakikutosha. Nikisema "kitabu yangu", alifumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Basi nikapata mimba, na nikamtaka mama yangu. Nasema wazi: niliogopa kufa. Wanawake wa Kihesa walikuwa wema, mkunga alikaa jirani, na hospitali ilikuwepo mjini, lakini hofu ya mimba ya kwanza haisikii habari za hospitali. Nilimtaka mama, na mama hakuweza kuja.

Hakuweza kwa sababu ya ukwe. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani. Hawali pamoja, hawasalimiani ana kwa ana, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Si uadui, ni heshima, tena kubwa. Mume wangu alipoambiwa alidhani anataniwa. Siku ya harusi akamfuata mama yangu kwa adabu zote za pwani ili ampe shikamoo, na mama akakimbilia kwenye shamba la mahindi akashinda humo mpaka wageni walipoondoka. Tangu hapo aliamini.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na paa moja. Ili mama aje, ilitakiwa tujenge jiko la pembeni lenye paa lake, alale humo. Kiwanja kilikuwa kidogo na chenye mteremko, choo upande huu, mpaka wa jirani upande ule, na katikati sehemu moja tu iliyo sawa. Tukafyatua matofali ya udongo, tukayaanika, yakakauka vizuri sana. Nilikuwa nikiyahesabu kila asubuhi kama mtu anayehesabu ng'ombe.

Ndipo likaja lile boti.

Mzungu mmoja, mgeni, alikuwa akilivuta kwa lori kutoka Dar es Salaam. Wengine walisema anakwenda Ziwa Rukwa kuwinda mamba, wengine walisema anakwenda Nyasa kuvua. Mimi nadhani hata yeye hakujua. Ekseli ya kigari kilichobeba boti ikakatika barabarani, karibu na kwetu. Akalifungua, akamwambia Mhindi mwenye duka la pale kwamba atarudi wiki ijayo, akaendelea na lori kuelekea Mbeya. Wiki ijayo ikapita, na zingine nyingi nyuma yake. Mbuzi wakahamia ndani. Mwishowe Bwana Shauri, Mzungu kijana aliyekuwa mkubwa wa bomani, akasema mambo hayo yana sheria yake: mali isiyo na mwenyewe huwekwa chini ya ulinzi wa serikali, mwenyewe hutafutwa, asipopatikana hutolewa tangazo, na asipotokea mtu hunadiwa.

Tatizo lilikuwa ni wapi pa kuliweka. Boma liko juu mlimani. Wafungwa waliletwa kulisukuma, wakalisukuma kidogo, wakaketi chini wote kwa pamoja na kusema wako tayari kuongezewa kifungo. Ndipo mtu mwenye busara zake akakumbuka kwamba karani anakaa hapo hapo chini ya barabara, tena ni mtu wa pwani, anajua mambo ya vyombo vya majini.

Hapa lazima nitoe siri ya ndani. Mume wangu alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Katika maisha yake yote alivuka Mto Pangani kwa pantoni mara moja, akatapika. Lakini Iringa nzima iliamini kwamba mtu akizaliwa pwani amezaliwa na kasia mkononi, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Alilizunguka lile boti, mikono nyuma, akagonga mbao kwa kidole, akatikisa kichwa. "Mbao nzuri," akasema. Wafungwa wakatazamana kwa heshima.

Kisha akaamuru lifunikwe kifudifudi lisijae maji ya mvua, na lisiguse ardhi lisije likaoza, maana mali ya watu ni amana. Wafungwa wakatafuta kitu cha kuliinulia. Nilikuwa ndani nachambua mboga za maboga. Nilipotoka, matofali yangu yote yalikuwa chini ya boti, yamepangwa kwa mzunguko mzuri, na boti liko juu yake limetulia pale pale kwenye ile sehemu moja iliyo sawa.

"Ni kwa muda tu, mke wangu," akasema mume wangu.

Siku hiyo alikula mboga bila chumvi.

Akazungusha kamba ya katani pande zote, mtu asilikaribie. Asilitumie, asilikarabati, asiondoe chochote chini yake. Matofali nayo yakawa chini ya ulinzi wa serikali. Ikabaki kuandika kibao, na hapo ndipo lilipozaliwa neno lililotusumbua wote.

Kwetu sisi lile lilikuwa boti. Polisi walisema boti, wafungwa walisema boti, na mbuzi wangesema boti kama wangeulizwa. Mume wangu akakataa. "Boti ni Kiingereza kilichovaa kanzu," akasema. Lakini kila alipotafuta jina la Kiswahili safi alikwama. Halikuwa ngalawa, maana halikuwa na magogo ya ubavuni. Halikuwa dau, maana mbele lilichongwa vingine. Halikuwa mashua, alisema, kwa sababu ambazo sikuzielewa na nina hakika hata yeye hakuzielewa. Mwishowe uso ukamkunjuka. "Chombo," akasema. "Kila kinachoelea ni chombo."

"Bwana," nikamwambia, "huku chombo ni cha kupikia."

"Hata pwani sufuria ni chombo. Lakini mtu mwenye akili ataelewa. Serikali itangaze sufuria?"

Akaandika kibao kwa rangi nyeusi, kwa herufi kubwa za kupendeza, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko tabia yake: CHOMBO HIKI HAKINA MWENYEWE.

Sheria ilitaka kwanza mwenye mali atafutwe, hivyo akatumwa Mbeya kwa basi. Alizunguka mji mzima akiuliza habari za Mzungu aliyeacha chombo. Watu wa Mbeya ni wakarimu. Walimpeleka kwenye majiko ya Wazungu, nyumba hadi nyumba, na wapishi wakamwonyesha vyombo vyote vilivyosahauliwa na waliohama: mabirika, vikaango, hata mashine ya kusagia nyama. Mwisho mzee mmoja akamshika mkono akampeleka sokoni kwa mama anayeuza vyungu vya Wakisi, wale mafundi wa kufinyanga, akamwambia, "Chombo kama hiki hukipati kwingine."

Alirudi na habari kwamba yule Mzungu alikwenda Makongolosi kutafuta dhahabu, na kutoka Makongolosi hakuna ajuaye, labda Rhodesia. Alirudi pia na chungu kikubwa kimefungwa majani ya mgomba, maana yule mama hakumwacha aondoke mikono mitupu. Alikuwa amefuata chombo, na kwa haki kabisa alipata chombo.

Ungedhani hapo amejifunza. Alisema tu kwamba watu wa Mbeya hawajui Kiswahili, akaketi kuandika tangazo.

Nalikumbuka mpaka leo, maana alinisomea mara nyingi akijipenda. Lilisema kwamba kimeonekana chombo kisicho na mwenyewe, kipo mikononi mwa serikali. Mwenye chombo chake afike bomani aeleze alama zake, apewe. Asipotokea mtu mpaka mwisho wa mwaka, kitanadiwa. Likabandikwa bomani na sokoni, likasomwa kanisani na msikitini, na matarishi wakalipeleka vijijini. Kila kijiji lilipofika lilinenepa kidogo. Lilipofika Kilolo lilikuwa limekuwa hivi: serikali imekusanya vyombo vyote vilivyopotea, kila mama akachukue chake.

Nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula siku walipofika. Baraza lote la boma lilijaa wanawake, wameketi kwa mstari, wengine wametoka mbali na watoto mgongoni. Nilishika kapu langu nikasimama mlangoni. Mume wangu alikuwa amekaa wima mezani, amefurahi kuona umma unavyotii sheria, na mbele yake mama mmoja mnene wa heshima.

"Chombo chako kina ukubwa gani?" akamwuliza.

Yule mama akapanua mikono. "Kubwa, bwana karani."

"Kinachukua watu wangapi?"

"Nane. Kama wana njaa, watano."

Akaandika, kisha kalamu ikasimama. "Wana njaa?"

"Wenye njaa wanajaza sana, bwana."

Niliona anawaza. Nadhani aliamua kwamba hiyo ni elimu ya uzito ambayo yeye, mtu wa pwani, anatakiwa kuijua, kwa hiyo hakuuliza zaidi. "Kilipotelea wapi?"

"Mtoni. Ruaha Mdogo."

Macho yakamwaka. Hatimaye, maji! "Kilizama?"

"Ilizama kidogo, halafu maji ikachukua."

"Kulikuwa na mtu ndani?"

"Mtu?" Yule mama akamtazama kwa huruma. "Hapana, bwana. Ilikuwa na ukoko tu."

Alikuwa ameshaandika "ukoko" kabla hajasikia alichoandika. Akakaa akilitazama neno lile. Yule mama akafungua khanga yake akatoa kifuniko cha sufuria, akakiweka mezani juu ya karatasi za serikali. "Kifuniko yake hii hapa," akasema. "Jaribu kufunika, utaona mwenyewe."

Nilicheka mpaka mtoto tumboni akanipiga teke. Mume wangu aliinua macho akaniona, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuwa na neno lolote la Kiswahili, safi wala chafu.

Lakini alikuwa mtu wa sheria. Waliokwisha kufika kudai lazima wasikilizwe, na kila mmoja lazima akione chombo akiri kwamba si chake. Hivyo wakaletwa uani kwetu kwa makundi. Walilizunguka boti, wakainama, wakagonga. Mmoja alisema si chake lakini kama hakuna mwingine yuko tayari kulichukua. Mwingine alimwuliza mume wangu, kwa upole, ni ugali wa nani ulipikwa humo. Yule wa kifuniko alikijaribu kweli, kwenye tundu la nyuma palipokuwa na injini, na nusura kienee. Mimi nilikuwa nikiwapikia uji kwenye mafiga matatu nje, upepo ukinipiga, tumbo limenitangulia, na mawingu ya mvua za kwanza yanakusanyika upande wa milimani. Nilikuwa nimeacha kucheka. Mwaka ulikuwa unakwisha na jiko halikuwepo, na bila jiko hakuna mama.

Na siku moja mchana nikasikia mtu anaita "Kamwene!", salamu ya kwetu, kutoka mpakani, kwa sauti niliyoijua kabla sijazaliwa.

Mama yangu alikuwa amesimama huko chini na kapu kichwani. Mume wangu, aliyekuwa akila, alimwona kupitia mlangoni. Akaruka dirishani, sahani mkononi, akaenda kumalizia chakula kwa jirani. Nilimpenda sana wakati ule, na nikamwambia baadaye.

"Mama, umekuja!" Nililia kama mtoto.

"Nimefuata chungu changu," akasema, kwa Kihehe chetu. "Kile kilichokwenda na watu wa msiba hakikurudi. Tumeambiwa serikali imekipata." Akanitazama tumbo. "Na wewe pia nikuone kidogo, halafu nirudi. Kwa mkwe silali."

Nikamweleza. Ilichukua muda, maana ilibidi nieleze kwanza boti ni nini, kisha mume wangu ni mtu wa namna gani. Mama alisikiliza akilikodolea macho lile lidude.

"Hapo pameandikwa nini?"

Nikamsomea: "Chombo hiki hakina mwenyewe."

"Si cha mkwe?"

"Si cha mkwe."

"Si cha ukoo wa mkwe?"

"Ni cha mtu asiyejulikana, mama. Serikali inalinda tu."

"Basi hilo si paa la mkwe," akasema, akaweka kapu chini, akapita chini ya kamba, akainama, akaingia.

Sikuwa nimewahi kuwaza jambo hilo, na huko bomani hakuna aliyewahi kuliwaza. Ndani palikuwa pakavu, papana, na katikati uliweza karibu kusimama. Jioni ile alikuwa amekwisha kuziba nafasi kati ya matofali kwa nyasi na udongo. Kesho yake akasiriba. Akatengeneza mafiga, akaacha lile tundu la injini litoe moshi, akakiinjika kile chungu cha kutoka Mbeya. Ukiangalia kutoka barabarani, ungesema ni boti linaloungua polepole.

Mume wangu alipatwa na taabu ambayo hakuna kitabu cha sheria kilichoitaja. Yeye ndiye mlinzi wa mali. Sheria ilimtaka amtoe mvamizi. Ili amtoe ilibidi amsogelee, na hakuweza kumsogelea. Alisimama kwenye kona ya nyumba, ametupa mgongo, akayaambia mawingu kwa sauti kubwa: "Mke wangu, mfahamishe mama kwamba mali iliyo chini ya ulinzi haitumiki!"

Mama akauambia moto: "Mwanangu, mwambie mkwe siitumii. Nimeketi tu."

"Mwambie haikarabatiwi!"

"Mwambie sijakarabati chombo. Nimekarabati matofali. Matofali ya nani?"

"Yangu," nikasema, nikiwa katikati yao kama waya wa simu.

"Mwulize," sauti ya konani ikasema, ya chini zaidi, "kama kuni zinatosha."

Ndivyo tulivyoishi mpaka siku ya mnada. Mume wangu alikuwa ameomba mnada usogezwe mbele, akakataliwa, maana tangazo ni tangazo. Na siku ile ile, mvua ikinyesha tangu alfajiri, uchungu ukanianza. Mama akaniingiza chomboni, mkunga akafuata, na mkeka ukateremshwa kwenye mlango.

Nje nilisikia watu wakikusanyika. Bwana Shauri alikuja na mwavuli na askari. Dalali alikuja na kengele yake. Mhindi wa duka alikuja kwa sababu alitaka kuligeuza boti na kupanga vitunguu ndani yake mbele ya duka, watu waje kushangaa. Wakaja pia wale wanawake wote waliopoteza vyombo, kuona mwisho wake. Dalali akapiga kengele, akasifu mbao. Kisha Bwana Shauri akasema wanunuzi waruhusiwe kukagua ndani.

"Bwana, ndani kuna mtu," akasema mume wangu. Nilimjua kwa sauti.

"Mtu gani?"

"Mama mkwe wangu. Na mke wangu."

"Mwambie mama mkwe wako atoke."

"Siwezi kumwambia, bwana. Ni mkwe."

Bwana Shauri, aliyejifunza Kiswahili chuoni kwao, akakubali kwamba neno hilo analijua ila maana yake imemponyoka. Akamgeukia askari. Askari akakaza saluti bila kusogea. "Samahani, bwana. Nimeoa mtoto wa mdogo wake. Ni mkwe wangu vilevile." Akamgeukia dalali. Dalali alikuwa amekwisha kugeuza uso upande wa barabara. Mwanawe wa kiume alikuwa ameposa Kilolo, na mambo bado hayajakamilika, hakutaka kuyaharibu. Wanaume wawili watatu wengine wakahesabu ukoo wao kwa vidole wakarudi nyuma taratibu. Kwa watu wa milimani, ukihesabu vizuri, humkosi mkwe.

Mimi habari hizi nilizipata vipande vipande, kati ya uchungu na uchungu. Nilikuwa nimeushika mkono wa mama, nikitazama juu, ambako ndiko chini ya boti, mbavu zake za mbao zikitukumbatia. Mvua iligonga juu yetu na hata tone halikuingia. Yule Mzungu wa mamba, popote alipokuwa, alikuwa amenunua kitu cha maana. Nilikuwa sina hofu tena. Nakumbuka nilishangaa kwamba sina.

Bwana Shauri akaamua kwenda mwenyewe, maana yeye hakuoa Kilolo. Akakunja mwavuli, akapita chini ya kamba, akainama mbele ya mkeka. "Hodi," akasema.

"Umeleta chungu yangu?" mama akamwuliza kwa Kiswahili.

"Chungu?"

"Mlitangaza chombo. Nimekuja. Chungu yangu ina shingo fupi, na ufa hapa mdomoni. Iko wapi?"

Kabla hajajibu, mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, sauti ikapiga mbao ikatoka nje mara mbili ya ukubwa wake. Kisha wale wanawake wa vyombo wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Dalali alikuwa mtu wa kazi. Vigelegele vilipopungua akauliza, akiwa bado ametazama barabarani, kama anadi au asinadi.

Hapo mume wangu akajitokeza. Mimi sikumwona, lakini jirani aliniapia kwamba alinyoosha kanzu yake iliyolowa, akapandisha kidevu, akawa mtu wa bahari kabisa.

"Bwana Shauri," akasema, "chombo chenye abiria hakinadiwi."

"Nani amesema?"

"Ni sheria ya bahari, bwana. Ya zamani sana. Sisi watu wa pwani tunaijua tangu utotoni. Chombo kikiwa na abiria ndani, hata mfalme hakigusi. Na akizaliwa mtoto chomboni, chombo hufuata mama yake mtoto. Au bibi yake. Hasa bibi."

Hakukuwa na sheria ya namna hiyo mahali popote chini ya jua. Mtoto wa fundi cherehani aliitunga pale pale mvuani, yeye ambaye hakuwahi kuniruhusu nikosee hata kiambishi. Iringa nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa pwani wa kuulizwa mambo ya bahari, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akisema. Watu wakaitikia kwa vichwa kwamba ndivyo ilivyo. Mhindi wa duka akasema hata yeye, alipokuja na meli, alisikia kitu kama hicho. Bwana Shauri alitazama boti, akatazama moshi, akamtazama karani wake kwa muda. Akafungua mwavuli. "Basi andika," akasema, "kwamba shauri limekwisha." Akaondoka, na dalali naye akaondoka kwa kinyumenyume.

Mvua ilipokatika nilisikia mkwaruzo huko nje, kama panya anayetafuna ubao. Mama akachungulia kwa upenyo, akarudi upesi akajifunika uso kwa khanga.

"Ni mkwe," akasema. "Amesimama kwenye kile kibao na kisu. Ametupa mgongo huku, anafanya kazi kwa kurudisha mikono nyuma. Atajikata."

Tulingoja mpaka alipoondoka. Kisha mama akainua mkeka, nikajikongoja mpaka mlangoni na mtoto kifuani. Kibao kilikuwa pale pale. Alikuwa amekwangua herufi mbili tu, kwa kupapasa, vibaya, na mwandiko wake ule mzuri umeharibika.

"Sasa pameandikwa nini?" mama akauliza.

Nikamsomea. "Chombo hiki kina mwenyewe."

Mama akashtuka. "Mwenyewe nani? Kama ni mkwe, nafunga kapu sasa hivi."

"Ni wewe, mama."

Aliangalia kibao asichoweza kukisoma. Akapangusa macho kwa pembe ya khanga, akasema ni moshi, ingawa moto ulikuwa umezimika. Kisha akaugeukia ukuta wa nyumba yetu, ambako alijua mtu amesimama upande wa pili anasikiliza, akapaza sauti kwa Kiswahili chake, ili asiwepo mtu wa kusema hakuelewa.

"Mwanangu, mwambie mkwe asante. Mwambie chombo yangu mzuri sana." Akavuta mkeka. "Na mwambie chungu yangu bado."